Ng'ombe Ambao Hawakufa

Ninyi mnaokuja kuanza kufundisha sayansi huku kwetu, karibuni. Najua mmetoka chuoni na maandalio ya somo yaliyopangwa vizuri, kalamu za rangi na simu zenye kila kitu ndani. Mimi nimestaafu. Nimebaki na kuku, kipande cha mpunga nje ya Kahama na goti moja linalonisumbua mvua ikikaribia. Mkuu wa shule niliyoiacha ameniomba niwaandikie ukurasa mmoja wa kuwatia moyo. Angekuwa ananijua vizuri asingeniomba, maana mimi nikianza sishiki breki.

Sitawafundisha kuandaa somo. Nataka tuzungumze habari ya ile mada inayopewa siku chache mwanzoni mwa kidato cha kwanza halafu inasahaulika mpaka mtihani: sayansi ni kitu gani hasa, na mtu anajuaje kwamba anachokijua ni kweli. Watoto huzikariri hatua za uchunguzi kwa Kiingereza kama wanasali, kisha wanarudi nyumbani, wanaongea Kisukuma na wazazi wao, na hatua zile zinabaki kwenye daftari. Miaka yangu yote ya kazi nilikuwa nahangaika kuzitoa kwenye daftari. Mara nyingine niliweza.

Nilianzia Shinyanga mjini, chini ya Mwalimu Kashindye, mkuu wa idara ya sayansi, mzee mpole mwenye koti jeupe lililotobolewa mfuko na tindikali. Praktiko yangu ya kwanza ilikuwa ya watoto wadogo kabisa: chemsha maji, soma themometa yakitokota, andika. Darasa zima likaandika nyuzi mia moja. Nikapita naweka vyema, roho yangu kwatu. Kashindye akachukua daftari moja, akalitazama, akanivuta mpaka kwenye bika lililokuwa bado linatokota.

"Soma, mwalimu."

Nikasoma. Tisini na sita. Nikamwambia themometa itakuwa mbovu. Akaleta nyingine, ikasema yale yale. Akaleta ya tatu. Nayo iliposema tisini na sita akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Themometa zetu zina tatizo moja tu," akasema. "Hazijasoma kitabu."

Ndipo akanieleza kile ambacho nilikisoma chuoni nikakiacha chuoni, kwamba Shinyanga iko juu sana kutoka usawa wa bahari, hewa inayoyagandamiza maji ni hafifu, kwa hiyo maji yetu hayasubiri mia moja. Halafu akaniinamishia lile daftari dirishani. Lilikuwa la binti mmoja mkimya wa nyuma kabisa. Chini ya mia moja yake palikuwa na alama za kifutio, na chini ya alama zile ungeweza kusoma, kwa shida, tisini na sita. Mtoto aliona sawasawa, akamtazama jirani yake, akafuta. Iliniuma, na hadi leo nikilikumbuka daftari lile inaniuma.

Tangu hapo nikapiga marufuku vifutio kwenye maabara. Ukikosea, piga mstari mmoja katikati, tuendelee kusoma ulichoandika mwanzo. Jaribuni na ninyi. Siku za kwanza watalalamika kwamba daftari linachafuka. Waacheni walalamike.

Hila yangu ya pili ilikuwa ya titresheni, ile ya kupima ukali wa tindikali tone kwa tone. Hapo tayari simu zimeingia, na majibu ya praktiko yanatembea kwenye makundi ya WhatsApp kabla sijafungua mlango wa maabara. Nikaanza kuandaa tindikali ya kila meza kwa ukali tofauti kidogo. Kazi iliongezeka, mgongo ukauma, lakini mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Meza zote zilileta jibu moja, zuri, lenye desimali zake. Nilipowaambia nilichofanya wakapiga kelele kwa pamoja: "Madam, umetuonea!" Nikawaambia nani amemwonea nani, mimi niliyebadilisha tindikali au wao walioandika kipimo cha chupa ambayo hawakuwahi kuishika?

Kisha nikahamishiwa upande wa Geita, kati ya wachimbaji. Huko kila mtoto ana mjomba mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, na kila duara lina mganga wake. Kijana mmoja, Paulo, alisimama darasani akaniambia bila hofu kwamba mganga wa kwao hakosei. Alichagua mahali, mjomba akachimba, duara likatema dhahabu.

Sikubishana naye. Nilimwuliza tu, "Amewachagulia watu wengine?"

"Wengi, madam."

"Ambao maduara yao hayakutema wako wapi?"

"Wamehama, madam."

Darasa likaanguka kicheko, Paulo mwenyewe naye akacheka. Sikusema mganga ni mwongo, na ninyi msiseme, mtapoteza watoto na wazazi kwa siku moja. Niliwaomba tu wawe na mazoea ya kuwatafuta waliohama. Anayepata dhahabu hununua pikipiki na kusimulia kila baa. Aliyekosa hupanda basi asubuhi na mapema, na hakuna anayemsikia tena.

Sasa niwaeleze habari za Minza, maana ndizo zilizonifanya nikubali kuandika.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa kijijini upande wa Kishapu, nchi kavu ya pamba, mtama na ng'ombe. Wachimbaji wadogo walikuwa wamefungua maduara machache nje ya kijiji, na mama mmoja mgeni kutoka Singida, Mama Neema, alikodi kiwanja karibu na njia ya mifugo akaweka mwalo wake hapo. Mwalo ni mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu. Alichimba bwawa dogo, akawa anaosha marudio, ule mchanga ambao wengine wamekwishauosha, na kukamatisha dhahabu kwa zebaki. Ng'ombe wakipita walikuwa wanakunywa bwawani. Yeye aliwafukuza kwa fimbo, lakini ng'ombe mwenye kiu hafukuziki.

Mwaka huo nyasi ziliisha mapema. Ikanyesha mvua ndogo isiyo ya msimu, watu wakashukuru. Siku chache baadaye ng'ombe wakaanza kufa mchana mmoja, ghafla, wakihema kwa nguvu na kuanguka. Walikufa wa Mzee Masanja, na wa jirani yake Mzee Luhende nao wakafa, mpaka dume lake kubwa. Kabla jua halijashuka kijiji kizima kilikuwa na jibu: bwawa la yule mama.

Ukapangwa mkutano wa kumtenga. Kama ninyi si wa huku, jueni kwamba kutengwa si jambo dogo. Hakuna mtu atakayekusalimu. Dukani hawakuuzii chumvi, mashineni hawakusagii, kisimani wanakupisha kama mwenye ukoma. Mtu aliyetengwa huondoka mwenyewe, na Mama Neema alikuwa na watoto watatu na kila alichokuwa nacho kiko ndani ya mwalo ule.

Mimi nami nilikuwa upande wa bwawa. Mwalimu wa kemia, zebaki pale, ng'ombe wamekufa hapa, ningefikiri nini kingine? Nikaingia kidato cha tatu nikiwa na somo zima kichwani kuhusu sumu za metali. Nikaanza kwa kuuliza nani anaweza kunionesha kwamba ni bwawa. Mikono yote juu. Minza, binti wa Mzee Masanja mwenyewe, akasema ng'ombe wao walikunywa pale na wamekufa.

"Ambao hawakufa je," nikauliza, "wao walikunywa wapi?"

Nawaambia ukweli, niliuliza kwa mazoea tu. Nilitarajia jibu la kunisaidia. Mikono ikashuka mmoja mmoja, kwa sababu hakuna mtu kijijini aliyekuwa amewauliza wenye ng'ombe wazima kitu chochote.

Tukatoka kwenda kuuliza. Hapo jifunzeni jambo moja la huku: mfugaji haulizwi ana ng'ombe wangapi. Ni utovu wa adabu, na atakudanganya, na atakuwa na haki. Wanafunzi niliowatuma kwanza walirudi wamefukuzwa. Minza ndiye aliyewafundisha wenzake kuuliza kwa rangi. Unapiga goti, unaamkia, unaulizia afya ya nyumbani, halafu unasema, yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda hajambo? Alishinda wapi siku ile? Mzee anaachia tabasamu na kukueleza habari za ng'ombe mmoja mmoja mpaka uchoke wewe.

Nyuma ya darasa tulichora vyumba vinne ardhini, tukatumia kokoto nyeupe zilizotupwa na wachimbaji. Kokoto moja, ng'ombe mmoja. Chumba cha waliokunywa bwawani wakafa. Waliokunywa wakapona. Wasiokunywa wakafa. Wasiokunywa wakapona. Watu wazima hukumbuka chumba cha kwanza peke yake. Kile cha pili kilijaa kokoto mpaka zikamwagika nje ya mstari, maana karibu mifugo yote ya kijiji ilikuwa inanywa pale wiki nzima. Na kwenye kile cha tatu, ambacho mimi niliamini kitabaki kitupu, zilikaa kokoto kadhaa za ng'ombe wa Luhende walionyweshwa lambo la upande wa pili na hawakulisogelea bwawa kabisa.

Nilizitazama kokoto zile nikahisi aibu na furaha kwa pamoja. Somo langu la sumu za metali lilikuwa limekufa. Nikawaambia, haya, tumekosa, tufute vyumba tuulize upya: waliokufa walikuwa na nini cha pamoja?

Minza alikuwa amechuchumaa kando ya kokoto. Watoto wakaanza kutaja: njia, kisima, chumvi, malisho. Walipofika kwenye malisho, kokoto zote za waliokufa zikaenda upande mmoja. Kila aliyekufa alikuwa ameingizwa kwenye shamba moja la mtama lililokwisha kuvunwa. Huku ni kawaida kulisha mabua baada ya mavuno, hakuna ubaya wowote. Ila mvua ile ndogo ilikuwa imeyachipusha mashina, na ng'ombe wenye njaa waliyavamia machipukizi mabichi. Wachache waliingia humo na hawakufa, sitawaficha, labda walikula kidogo. Kazi ya kweli huwa ina mabaki ya namna hiyo.

"Madam," Minza akasema, "lile shamba ni la baba."

Nilimpigia simu bwana mifugo wa kata. Hakushangaa hata kidogo. Akasema machipukizi ya mtama baada ya ukame yanaweza kuwa na sumu kali, na ng'ombe mwenye njaa akiyala anaanguka upesi. Watoto wakanirukia: si ungemwuliza tangu mwanzo, tukapumzika na jua hili? Nikawajibu kwamba mwanzo ningemwuliza habari za zebaki, naye angenijibu habari za zebaki.

Ilibaki nani aseme mkutanoni. Mimi nilikuwa tayari, lakini kijiji kingesema mwalimu mgeni anamtetea mgeni mwenzake. Minza akasema atasema yeye. Nilimtazama sana. Mzee Masanja ndiye aliyemkaribisha Luhende alete ng'ombe wake kwenye mtama ule, kwa wema, kwa kuwa nyasi zilikuwa zimeisha. Binti akisimama na kueleza tulichokiona, atakuwa amemwambia baba yake mbele ya kijiji kwamba yeye ndiye aliyeua ng'ombe wake na wa jirani. Nikampa sharti moja, kwamba baba asilisikie jambo lile mkutanoni kwa mara ya kwanza. Akaniahidi atamweleza asubuhi ya mkutano. Sikujua kama alimweleza, na woga wangu wote ulikuwa hapo.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, na Mama Neema peke yake mbele, amekalia ndoo iliyopinduliwa, watu wamemwachia nafasi pande zote. Mzee Masanja alikaa na fimbo yake magotini, hamtazami mtu. Mwenyekiti wa kijiji aliniruhusu niseme kwamba wanafunzi wana jambo, na Minza akaja mbele, akapiga goti, akawaamkia wazee.

Alisema vizuri. Alichora vyumba vyake kwa kijiti kwenye vumbi, akaweka kokoto, akaeleza kwa Kisukuma kisha kwa Kiswahili ili na wachimbaji waelewe. Alipofika kwenye mtama sauti ilimpungua, lakini hakuruka neno. Hakusema shamba la nani. Hakukuwa na haja.

Mzee Luhende akanyanyuka kwa hasira, wale wake wa lambo hakuwagusia. "Mtoto, hao unaosema walikunywa wakapona, walikunywa siku nyingine. Huyu mama alimwaga dawa yake siku ile ile. Nioneshe ng'ombe mmoja aliyekunywa bwawani siku ile, asile huo mtama, na awe hai. Mmoja tu."

Vijana wangu wa ualimu, hilo lilikuwa swali zuri kupita yote niliyoyasikia katika kazi yangu, na lilitoka kwa mtu aliyetaka tushindwe. Nilijua hatukuwa na kokoto hiyo. Tuliulizia ng'ombe waliokwenda malishoni tu, na siku ile wazima wote ambao hawakula mtama walikunywa mbali na bwawa. Minza angeweza kubuni. Angetaja rangi yoyote, nani angemkagua?

"Sina, baba," akamwambia Luhende. "Tulimtafuta hatukumpata."

Watu wakaanza kuguna. Mwenyekiti akainua mkono ili wapige kura. Ndipo Mzee Masanja akasimama, polepole, akiegemea fimbo.

"Yupo," akasema.

Akaelekeza mkono upande wa nyumbani kwake.

"Yule wangu wa madoa. Aliumia mguu, hakutoka siku ile, nilimfunga nyumbani. Mchana nikamchotea maji ndoo mbili kwenye bwawa la huyu mama, mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Yuko zizini anacheua, nendeni mkamwone." Kisha akamgeukia jirani yake. "Luhende, mtama ni wangu. Mimi ndiye niliyekuita."

Luhende akatazama kokoto zile mavumbini, akakaa. Minza akajifunika uso kwa kanga akaanza kulia, na mimi, mtu mzima, nikageuka upande ili wanafunzi wasinione.

"Inuka, mama," Mzee Masanja akamwambia binti yake. "Hujamaliza. Ile sehemu uliyoniambia asubuhi, ya mambo ambayo bado hamyajui, waambie na hiyo."

Minza akajifuta uso. Mama Neema alikuwa tayari ameanza kuinuka, mikono juu, anataka kumshukuru Mungu.

"Hatujasema maji ya Mama Neema ni salama," Minza akasema. "Hatujui. Tumesema tu siyo yaliyoua ng'ombe hawa."

Mama Neema akaishusha mikono yake. Akaketi tena juu ya ndoo.

"Basi njooni myapime," akasema. "Na watoto wangu wanayaoga hayo. Njooni kesho."